Kutoka Ondiri hadi Mlango wa Sabaki: Siku Saba Nikiufuata Mto Mmoja

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kuvuma na mvua za vuli zikiwa zimenyesha vizuri bara, bahari iliyo mbele ya mji wetu wa Malindi hubadilika ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Wenyeji husema tu kwamba Sabaki imeshuka. Ami yangu, ambaye amevua katika ghuba hii tangu utotoni, ana swali ambalo nimelisikia miaka yote: akiuona mstari wa tope unasogea kuelekea miamba, humwuliza yeyote aliyetoka safari, "Huko juu mvua bado?" Nami sikuwahi kuwa na jibu, kwa kuwa huko juu nilikuwa sikujui. Nilijua kwamba huu ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, na kwamba una majina matatu, Athi unapotoka nyanda za juu, Galana unapopita nyika ya Tsavo na Sabaki unapotukaribia sisi. Lakini kwa macho yangu nilikuwa nimeuona kutoka juu ya daraja la Sabaki peke yake. Mwishoni mwa Novemba nilipata likizo ya wiki moja nikaamua kwenda kuufuata. Haya nimeyakusanya kutoka daftari langu, risiti na picha za simu, kwa hiyo bei zote ni za siku zile.

Jumamosi, siku ya kwanza: Malindi hadi Nairobi

Basi la jioni, shilingi 1,800. Safari ya usiku haina la kusimulia isipokuwa kwamba tulikaa saa mbili na nusu karibu na Mariakani nyuma ya lori lililoanguka, na abiria mwenzangu, mama mtu mzima aliyekuwa akienda kumtazama mjukuu, alinigawia mahamri yake na mbaazi zilizokuwa bado na joto ndani ya chupa ya chai.

Jumapili, siku ya pili: Ondiri, na mto unaopita jijini

Mto Athi hauna jicho moja la kuzaliwa. Vijito vyake vinatoka vilima vya Ngong na ukingo wa nyanda za Kikuyu, na mmoja wao, Mbagathi, ndio unaotenganisha mbuga ya wanyama ya Nairobi na nchi ya Kitengela upande wa kusini. Mimi nilichagua kuanzia Ondiri, kinamasi kilicho nyuma ya mji wa Kikuyu, kwa sababu ndicho chanzo cha mto Nairobi, na mto Nairobi ndio unaoupelekea Athi sehemu kubwa ya yale tunayoyalalamikia sisi tulio chini.

Matatu kutoka katikati ya jiji ilinitoza shilingi 100, kisha nikatembea. Kulikuwa na manyunyu na baridi ambayo mtu wa pwani haizoei. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliniona nikisimama kwenye tope na viatu vyangu vya ngozi, akaniuliza nimetoka wapi, na nilipomwambia Malindi aliweka panga chini. "Umetoka baharini kuja kuangalia matope yetu?" Akaenda nyumbani kwake akaniletea buti za mpira za mumewe, akamwita kijana wake aniongoze, na alikataa katakata kupokea pesa.

Kwa mbali Ondiri inaonekana kama shamba la majani ya kijani lililotandazwa bondeni. Ukikanyaga ndipo unapojua. Ardhi ile ni mkeka mnene wa mafunjo, matete na mizizi iliyosukana, nao unaelea juu ya maji. Kijana aliruka mara moja hatua tano mbele yangu, na mimi niliyesimama nikahisi nyayo zangu zikiinuka na kushuka, na mafunjo yaliyo pembeni yakatikisika bila upepo. Nilichota maji kwa kiganja penye uwazi mdogo. Yalikuwa na rangi ya majani makavu lakini yalipita mwanga, na hayakuwa na harufu. Pembezoni mwa kinamasi wenyeji wamepanda mianzi ili kuzuia udongo wa mashamba ya mteremkoni usiingie ndani. Niliitazama miche ile kwa shukrani, kana kwamba imepandwa uani kwetu.

Alasiri nilirudi jijini nikasimama kwenye daraja dogo upande wa Gikomba. Nairobi ilipata jina lake kwa Wamaasai waliopaita mahali pa maji baridi, na yale niliyoyashika asubuhi yalikuwa baridi kweli. Lakini hapa, baada ya Dagoretti na Chiromo, mto ulikuwa mweusi, umebeba mifuko, vitambaa vya mitumba na povu, na mbele yake bado kulikuwa na Kariobangi na jaa la Dandora kabla haujaingia Athi. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mji wangu unakunywa maji ya mto huu.

Kwa atakayekwenda: Ondiri usiingie bila mwenyeji, kwa sababu kuna mahali ambapo mkeka ni mwembamba na hapatambulikani kwa macho. Nenda asubuhi, na uvae buti.

Jumatatu, siku ya tatu: Fourteen Falls

Nilipanda matatu hadi Thika, nyingine ya kuelekea Kilimambogo, halafu bodaboda ya shilingi 150 hadi kwenye maporomoko. Hapa Athi umekwisha kuwa mto mzima. Unafika kwenye ukingo mpana wa mwamba na kujigawa katika mikondo mingi inayoanguka sambamba, nyuma yake ukiuona mlima wa Ol Donyo Sabuk umevaa wingu. Mandhari ni ya kuvutia sana na ninampongeza yeyote anayeyapeleka macho yake pale. Ila chini ya maporomoko povu jeupe lilikuwa limesimama kimo cha goti, likikatwa na upepo na kuruka juu ya mawe, na harufu yake ilikuwa ya sabuni iliyochanganyika na mtaro. Kijana aliyenivusha kwa mashua yake ndogo kwa shilingi 200 aliniambia kwamba mvua kubwa za kwanza za msimu ndizo zinazoleta chupa za plastiki nyingi kwa siku moja kuliko miezi yote ya ukame. Aliupiga kasia mkondo kwa ustadi mkubwa. Tulipofika ng'ambo alininawisha miguu kwa chupa ya maji safi aliyotoka nayo nyumbani, akisema haya ya mto yatakuwasha.

Nililala Thika, chumba cha shilingi 1,200, chakula cha jioni githeri na parachichi shilingi 150.

Jumanne, siku ya nne: Ukambani hadi Voi

Kuanzia hapa mto unaingia nchi ambayo hauandamani na barabara kuu. Unajificha mashariki, chini ya ubavu wa uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa mawe ya volkeno ambao ni mojawapo ya mimiminiko mirefu zaidi ya lava duniani, karibu kilomita 300, nao hauuachi mto hadi ndani ya Tsavo. Ningependa kuutembea wote kwa miguu, lakini likizo ya wiki moja haitoshi. Nilirudi Nairobi nikapanda basi la mchana la kuelekea Mombasa, nikashuka Voi, shilingi 1,200.

Nilikaa dirishani nikitazama udongo. Katika vilima vya Machakos mashamba yamekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, na maji ya mvua yanasimama juu ya kila ngazi badala ya kukimbia. Mbele zaidi, pale ambapo matuta hakuna na mbuzi ni wengi, makorongo yamechimbika ardhini hadi kwenye udongo mwekundu kama nyama mbichi, na kila korongo linaelekea bondeni, na kila bonde linaelekea Athi.

Nilikuwa na sababu ya kutazama kwa makini. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe kubwa la hapa kwetu Malindi, lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama shina la mti, na katika kila tabaka hubaki alama ya maji ya mwaka ule. Walipima madini ya bariamu, ambayo huletwa baharini na udongo wa mto, wakakuta kwamba kwa muda mrefu kiwango kilikuwa kidogo, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupanda, wakati ule ule ambapo ardhi ya bara ilianza kulimwa kwa nguvu chini ya utawala wa Waingereza. Yaani tope tunaloliona leo lina tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo imeandikwa ndani ya jiwe lililo hai mbele ya mji wetu.

Tulivuka daraja la Tsavo saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo mwaka 1898 simba wawili walipowaua wajenzi wa reli hadi kazi ya daraja ikasimama. Basi halikupunguza mwendo, lakini niliwahi kuyaona maji ya mto Tsavo yakiwa safi zaidi ya yote niliyoyaona tangu Ondiri, maana chemchemi za Mzima zinazoulisha huchujwa na mawe ya vilima vya Chyulu. Mashariki ya pale Tsavo unakutana na Athi, na kutoka makutano hayo mto unaitwa Galana. Ni neno la Kioromo, nao Waoromo huitumia galaana kwa maana ya maji makubwa, hata bahari.

Jumatano, siku ya tano: Galana

Dereva niliyempata Voi alikuwa Mgiriama wa Langobaya aliyekuwa akirudi kwao na gari aina ya Land Cruiser baada ya kuwapeleka watalii. Tulikuwa abiria wanne, tukachanga shilingi 3,500 kila mmoja, na kila mtu alijilipia kiingilio cha mbuga. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na pesa taslimu hazipokewi langoni. Lipa ukiwa bado mjini penye mtandao, kwa sababu sisi tulipoteza dakika 50 langoni Manyani tukitafuta mtandao wa simu ya mwenzetu mmoja.

Niseme wazi kwamba siku hii ndiyo iliyonipa furaha kubwa kuliko zote. Mbuga ya Tsavo Mashariki ilianzishwa mwaka 1948, na ndani yake mto unapita bila shamba wala kiwanda. Ndovu wake ni wekundu kwa sababu hujipaka udongo wa pale. Tulikuta kundi la kina mama na watoto wao wakishuka kunywa, na walipotoka majini miguu yao ilikuwa ya kijivu hadi magotini na miili ikabaki nyekundu, kama waliovaa soksi. Kingo zote zimeota mikoma, na nyuma ya mto, upande wa kaskazini, ukuta wa Yatta umelala kama kitanda.

Tulishuka garini kwenye maporomoko ya Lugard, yaliyopewa jina la ofisa Mwingereza Frederick Lugard aliyepita njia hii mwishoni mwa karne ya 19. Si maporomoko kwa kweli. Mto mpana unabanwa ghafla ndani ya ufa wa mwamba, na maji yanapita yakinguruma chini ya miguu yako. Mwamba wenyewe una mistari ya waridi, kijivu na nyeupe iliyopindapinda, na umetobolewa mashimo ya duara, mengine madogo kama kikombe, mengine yanaweza kumeza mtungi. Niliingiza mkono katika shimo moja lililokuwa kavu. Ukuta wake ulikuwa laini kama ndani ya bakuli la kaure, na chini kabisa nilikuta vijiwe vitatu vya mviringo, ndivyo vilivyolichimba shimo lile kwa kuzungushwa na maji misimu isiyohesabika. Nilivirudisha vyote mahali pake. Maji yalikuwa yamepanda na rangi yake ilikuwa ile ile ya bahari yetu ya kaskazi. Chini ya mteremko mamba sita walikuwa wamelala mchangani. Usikaribie ukingo, jiwe lililoloa huteleza.

Baada ya saa nane mchana tulikwama. Mvua ya usiku ilikuwa imekigeuza kipande kimoja cha barabara kuwa uji, na gurudumu la nyuma likazama hadi ekseli. Tulichimba kwa mikono na sufuria, tukaweka matawi, bila mafanikio, huku tukihesabu saa zilizobaki kabla lango la Sala halijafungwa saa kumi na mbili. Askari wa wanyamapori wawili waliokuwa doria ndio waliotukuta. Hawakutukaripia, walifunga kamba, wakatuvuta, kisha wakatusindikiza nyuma yetu hadi tulipoingia barabara ngumu. Tulipita lango zikiwa zimebaki dakika 20. Kutoka Sala hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na usiku ulitukuta njiani, dereva alisema, "Ndugu yangu, leo utalala kwa mama."

Alhamisi, siku ya sita: Langobaya na Baricho

Mama yake dereva alitupokea saa tatu usiku kana kwamba alikuwa akitungoja. Tulikula wari, yaani ugali, na mtsunga uliopikwa kwa tui, na kipande cha kambare wa mto kwa kila mmoja. Mtsunga ni mboga chungu. Yeye aliutoa uchungu kwa kuuchemsha mara mbili na kubakiza kiasi cha kuufanya ulimi uchangamke. Asubuhi nilipotaka kumwachia kitu alisema, "Mwanangu, ukinilipa utakuwa umelala hotelini," akapokea kilo mbili za sukari tu baada ya kubembelezwa.

Nilimsikia mjukuu wake akitumwa madzi muhoni, nami nikaelewa bila kufasiriwa, maji mtoni. Wataalamu wa lugha wamekiweka Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro katika kundi moja, na walipotafuta jina la kundi hilo walichukua jina la mto huu: lugha za Sabaki. Nimezungumza lugha hii maisha yangu yote, na siku ile ndiyo ya kwanza nilipoliwaza jina hilo nikiwa nimesimama ukingoni.

Mahali pa kuchotea maji pamezungushiwa miiba majini kwa umbo la nusu duara, ili mamba asiwafikie wanaochota. Kina mama huingia wawili wawili, mmoja akichota na mwingine akitazama mkondo. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akipanda matikiti kwenye udongo mweusi wa kingoni, alinionyesha ng'ambo ya kaskazini. Babu yake alizaliwa kule, alisema, na alifukuzwa kule. Mwaka 1914 serikali ya Mwingereza iliwaamuru Wagiriama waondoke ukingo wa kaskazini wa Sabaki, kwenye ardhi yao bora, kwa sababu walikataa kodi na kazi ya mashamba ya walowezi. Ndivyo vita vya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kukataa, aliyepelekwa uhamishoni Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akarudi kwa miguu. Nyumba zilichomwa, na Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ikalipuliwa. "Walijua udongo mzuri uko wapi," mzee alisema, akaufinyanga ule wa mkononi mwake ukashikamana. Udongo ule ni wa Machakos, ni wa Makueni, umeletwa na mto. Matikiti yake yanaota juu ya mali iliyopotea kwa watu wengine, na hilo linanifanya nisiweze kulitaja tope kwa ubaya mtupu.

Adhuhuri nilikwenda Baricho kwa bodaboda, shilingi 300. Hapa ndipo maji ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa yanapochukuliwa, kutoka visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kingo za mto. Mchanga huo ndio chujio la kwanza. Sikuomba kuingia ndani. Niliketi chini ya mkwaju nikisikiliza mitambo, na niliwaona watoto wakirukia majini kutoka jiwe moja jeupe lililojitokeza mkondoni. Saa kumi, nilipoondoka, jiwe lile lilikuwa limefunikwa na watoto walikuwa wameitwa nyumbani.

Matatu za kurudi Malindi kupitia Kakoneni na Jilore huisha mapema. Niliwahi ya mwisho, shilingi 250.

Ijumaa, siku ya saba: mlango wa mto

Niliondoka nyumbani alfajiri kwa tuktuk hadi daraja la Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa mji, kisha nikateremka kwa miguu na kijana wa kijiji anayewaongoza wageni kwa shilingi 500. Nenda maji yakiwa yamekupwa, na usirudi jioni: viboko wapo, nao hupanda nchi kavu kula giza linapoingia. Tuliwaona wanne, masikio tu juu ya maji.

Mlangoni mto unapanuka na kuwa na kina kifupi, ukijigawa kati ya fungu na fungu la tope, na upande wa Mambrui vilima vya mchanga vinasimama vimepigwa mikunjo na upepo. Heroe walikuwa mbali kama mstari wa waridi. Karibu yetu walikuwa membe na vitwitwi wasiohesabika. Wavuvi wawili walisimama majini hadi kiunoni wakirusha kimia. Mmoja alinifungulia mfuko wake: kamba wadogo, wanaopenyeza mwanga, wangali wakirukaruka, na juu ya kila mmoja utando mwembamba wa tope jekundu. Kamba wa ghuba hii hulelewa na maji ya mto. Matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, husongwa na maji hayo hayo. Wakati wa kusi tope huelekea kaskazini kwa Mambrui na Ngomeni, na kaskazi ikivuma hugeuka kuja kwetu. Asubuhi ile upepo ulikuwa umeanza kugeuka, na mstari ulionekana wazi, buluu huku na kahawia kule, ukipinda kusini.

Niliwahi sala ya Ijumaa. Jioni nilimkuta Ami ameketi ufukweni akishona nyavu, mahali ambapo, asema, alipokuwa mtoto palikuwa maji ya kuogelea na sasa ni mchanga mtupu hatua nyingi kabla ya kufika baharini. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama mstari.

"Huko juu mvua bado?"

Nilimwambia kwamba Kikuyu ilikuwa ikinyesha Jumapili, kwamba Jumatano Galana ulikuwa mwekundu na umepanda, na kwamba jana Baricho jiwe lililokuwa nje adhuhuri lilikuwa limefunikwa saa kumi. Aliniuliza jiwe lile ni kubwa kiasi gani. Nilimwonyesha kwa mkono, kimo cha kifua cha mtoto. Alinyamaza akihesabu, kisha akatoa simu mfukoni akampigia nahodha wake, akamwambia wavu wa jarife ulio nje ya miamba utolewe kesho kabla ya jua, na vimia vitayarishwe kwa upande wa Sabaki.